Pemba haiko mbali, tumeielekeza kusiko

Juzi nilikuwa napiga stori na jamaa mmoja, mtu msomi na anaijua nchi, tukafika kwenye habari za Pemba akasema "kule bwana mbali sana". Nikamuuliza mbali na wapi. Akafikiri kidogo akajibu, mbali na mjini. Haya, mji upi? Hapo ndo stori ikafia, mana kichwani kwake mji ni mmoja tu, Unguja mjini, na kila kitu cha Pemba lazima kipimwe kuanzia pale bandarini Malindi. Nimekaa nalo hili siku kadhaa nikaona bora niliandike, kwa sababu naamini shida nyingi za Pemba zinaanzia kwenye huo upimaji.

Chukua ramani yoyote, hata hiyo ya kwenye simu, weka kidole Wete. Sasa kipeleke magharibi moja kwa moja, usipande usishuke. Utatua Tanga. Wete na Tanga ziko karibu mstari mmoja kabisa na kati yao ni bahari ya kama kilomita 70 tu. Rudi Wete, safari hii nenda Unguja mjini, hapo unapiga kama kilomita 135, yani karibu mara mbili. Utasema Wete iko kaskazini sana, sawa, shuka Mkoani ambako ndo bandari kuu na ndo huku kusini: Mkoani mpaka Unguja mjini kama 100, Mkoani mpaka Tanga hazifiki 70. Na ukipanda mpaka Ras Kigomasha, ile ncha ya juu yenye mnara wa taa, Shimoni ya Kenya iko kilomita 40 na kitu. Sasa niambie nani yuko mbali hapo. Pemba iko jirani na Tanga, jirani na Shimoni na Vanga, na Mombasa si mbali. Iko mbali na Unguja tu, na Unguja ndo tumeiamua iwe mlango wake wa kila kitu.

Na bahari yenyewe inasema kitu. Mkondo wa Pemba, yani ile bahari kati ya Pemba na bara, ni kina kirefu sana, unafika mita kama 800, wakati bahari kati ya Unguja na Bagamoyo ni kina kifupi, haifiki hata mita 50. Ndo mana zamani za kale bahari iliposhuka Unguja ilikuwa imeungana na bara, wanyama wakavuka kwa miguu, kima punju wakawepo, chui akawepo. Pemba haikuungana nao wakati ule, ilikuwa kisiwa kivyake muda mrefu zaidi. Kwa hiyo Pemba ina viumbe ambao hawapo popote pengine duniani: kuna popo mkubwa wa Pemba, kuna bundi mdogo, kuna ninga wa Pemba ambaye ni njiwa wa kijani, kuna ndege mdogo anaitwa chozi, na ndege mwengine mdogo wa kijani. Huyo popo miaka ya 80 mwishoni alikuwa karibu kwisha, waliobaki walikuwa wachache sana, watu walikuwa wanamla na misitu inakatwa. Wanavijiji wenyewe, wa Kidike na kwengineko, wakaanzisha vikundi vya kumlinda na leo wamefika maelfu kwa maelfu. Nalitaja hili kwa sababu moja, watu wa Pemba wakiachiwa kitu wakiendeshe wenyewe wanakiendesha, tutalirudia.

Kijiografia tu kwa haraka kwa wasiofika: ni kisiwa cha kama kilomita za mraba 988, mikoa miwili, Kaskazini Pemba yenye wilaya za Wete na Micheweni, na Kusini Pemba yenye Chake Chake na Mkoani. Waarabu walikiita Kisiwa cha Kijani na ukishuka Mkoani utaelewa kwa nini, vilima juu ya vilima, mabonde ya mpunga chini, mikarafuu, minazi, miembe, barabara inapinda tu. Unguja ni bapa ukilinganisha. Lakini hilo ni upande wa magharibi na katikati. Ukienda mashariki hasa Micheweni unakuta maweni, ardhi ya mawe ya matumbawe, udongo kiganja kimoja afu jiwe. Huko karafuu hakuna. Huko watu wanaponda kokoto kwa nyundo, wanavua, na akina mama wanalima mwani, wanaingia baharini maji yakitoka wanafunga mbegu kwenye kamba na miguu imo ndani ya maji masaa. Kwa hiyo mtu akisema "Pemba ya karafuu" anasema nusu ya kisiwa. Micheweni mara nyingi ukipimwa umasikini Zanzibar nzima inakuwa ndo ya mwisho, na Pemba yote iko nyuma ya Unguja kwa mbali, wakati ndiyo inayotoa sehemu kubwa kabisa ya karafuu za Zanzibar.

Hizo karafuu nazo zina kisa. Kabla ya 1872 Unguja ndo ilikuwa na mashamba makubwa, mwaka ule kikapiga kimbunga kikaing'oa mikarafuu ya Unguja vibaya sana, Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa, na tokea hapo kisiwa cha karafuu kikawa Pemba. Biashara na maamuzi vikabaki Unguja. Yani mti ulihama, hesabu haikuhama. Mpaka leo karafuu anaruhusiwa kuzinunua mmoja tu, ZSTC, shirika la serikali, na anayeivusha kwenda kwengine amefanya magendo na anaweza kutiwa ndani. Nimekulia kwenye nyumba ambayo msimu ukifika kila mtu yuko mkarafuuni, bibi yangu wa Gando alikuwa anakaa chini anachambua makonyo, vile vijiti vya karafuu, mpaka usiku vidole vinanuka wiki nzima, sisi watoto tunalinda jamvi mvua isije ikatukuta zimeanikwa. Kila msimu utasikia mtu kaanguka juu ya mti. Nikikumbuka yale maisha sioni uvivu hata kidogo, naona watu wanaofanya kazi kubwa na bei wanaipangiwa ng'ambo.

Sasa tuje kwa watu, hapa ndo roho yangu ilipo.

Kama kuna watu wanaoijua ramani ya kweli ya Pemba ni Wakojani. Kojani ni kisiwa kidogo pembeni ya Pemba upande wa mashariki, nyumba zimebanana hakuna pa kupita, na wanaume wake wanajulikana pwani nzima kwa kwenda dago. Dago ni kuhama na vyombo na nyavu, mnafika mahali mnapiga kambi ufukweni wiki au miezi, mnavua, mnakausha au mnauza, msimu ukigeuka mnarudi au mnasogea mbele. Wakojani utawakuta Tanga, utawakuta Mafia, utawakuta Dar, utawakuta pwani ya Kenya mpaka huko juu. Hawakuambiwa na wizara. Waliangalia upepo na samaki wakaenda, kaskazi na kusi ndo ratiba yao. Na kila walipopiga dago paliachwa kitu, mke, mtoto, msikiti mdogo, jina la mtaa.

Ndo hao na wengine waliowatangulia waliokuja kuwa "Wapemba wa Kenya". Wako Kwale, wako Kilifi, familia nyingine zimekaa tangu kabla ya uhuru na nyingine zilikimbia baada ya mapinduzi ya 1964. Miaka yote hiyo hawakuwa na kitambulisho. Mtu kazaliwa Kenya, baba yake kazaliwa Kenya, hana kipande, kwa hiyo hana leseni ya kuvua, hafungui akaunti, simu kasajiliwa na jirani, mtoto anakwama skuli ukifika mtihani. Mwaka 2023 serikali ya Rais Ruto ikawatambua kama moja ya jamii za Kenya na wakaanza kupewa vitambulisho. Mimi siku ile nilifurahi kweli, nna jamaa huko ambao marehemu bibi alikuwa akiwataja kwa majina bila kuwahi kuwaona. Lakini nilijiuliza pia: Kenya imekubali kwamba Pemba na pwani yake ni kitu kimoja kilichochanganyika damu, sisi wenyewe tumekubali?

Na sio Kenya tu. Dar es Salaam ukimtuma mtoto sukari unamwambia "nenda kwa Mpemba", hata kama mwenye duka ni mtu wa kwengine kabisa, jina la kabila limekuwa jina la duka. Nenda Kariakoo, nenda Tanga mjini, nenda miji ya mbali huko bara ambako hata samaki wa chumvi hawajui, utamkuta Mpemba na duka lake anafungua alfajiri anafunga usiku. Wako Oman, wako Uingereza, wako Kanada. Msemo wa wapemba hujuana kwa vilemba watu wanautumia kwa nia mbaya, kwamba hawa wanafichana, wanabebana. Mi nauona vingine. Watu ambao wametoka kwenye kisiwa kimoja kidogo wakatapakaa hivyo, bila benki ya kuwakopesha, wangefanikiwa vipi bila kujuana? Kijana anafika Dar hana kitu, anapokelewa, analala stoo, anauza mwaka miwili, anapewa bidhaa kwa mkopo wa mdomo, anafungua lake. Huo ni mfumo wa mitaji na umejengwa juu ya uaminifu.

Ila sasa kuna upande wa uchungu wa huku kutapakaa, na hapa naomba tuangalie namba kidogo. Sensa ya 1958 Zanzibar ilikuwa na watu 299,111, Pemba 133,858. Yani karibu watu 45 katika kila 100 walikuwa Pemba, visiwa vilikuwa vinakaribiana kabisa. Sensa ya 2012 Zanzibar 1,303,569, Pemba 406,848, hiyo ni 31 katika 100. Sensa ya 2022 Zanzibar 1,889,773, Pemba 543,441, haifiki 29. Mtu atasema lakini Pemba imeongezeka, ndio imeongezeka, zaidi ya laki moja na thelathini ndani ya miaka kumi. Lakini Mkoa wa Mjini Magharibi peke yake katika miaka hiyo hiyo kumi umeongezeka karibu laki tatu! Kiasi cha zaidi ya nusu ya watu wote wa Pemba kimeingia au kuzaliwa kwenye mkoa mmoja wa Unguja. Na tukumbuke kuwa akina mama wa Pemba kwa wastani wanazaa zaidi ya wa Unguja, tafiti za afya zimeonyesha hivyo miaka mingi, kwa hiyo kama sehemu yake inashuka maelezo ni kwamba watu wanaondoka, afu na Unguja nayo inapokea wageni kutoka bara. Wanaoondoka ni vijana, walimu, mafundi, wale wenye nguvu. Ukienda vijiji vingine mchana unakutana na wazee na watoto.

Kwa nini wanaondoka? Watu wanataja siasa, na siwezi kuikwepa. Januari 2001 watu zaidi ya 30 waliuawa kwenye maandamano ya kupinga matokeo ya uchaguzi, wengi wao Pemba, na zaidi ya 2,000 wakakimbia. Walikimbilia wapi? Shimoni. Kwa mashua na ngalawa, usiku. Hawakwenda Unguja, walikwenda kule ambako ramani inawaambia ndo karibu. Lile jeraha liko bado, maridhiano ya CCM na CUF ya 2010 yalilituliza, na anayeizungumzia Pemba kama halipo haijui Pemba. Ila naamini siasa peke yake haitoshi kueleza. Mana hata miaka ya utulivu watu wameendelea kuondoka, hata miaka kumi yote ambayo Rais wa Zanzibar alikuwa mtu wa Chokocho, Mkoani, Dk. Shein, 2010 mpaka 2020, mambo hayakugeuka. Kuna kitu kwenye mfumo wenyewe.

Kitu chenyewe ni hichi. Kila wizara ya Zanzibar ina ofisi Pemba na inaongozwa na Afisa Mdhamini. Wengi ni watu wa kazi kweli kweli. Lakini cheo chenyewe kinajieleza, anadhamini, anashika kwa niaba. Bajeti iko Unguja, saini iko Unguja, tenda inafunguliwa Unguja, na ikitokea jambo limepinda kidogo faili linapanda boti. Mjomba wangu alisubiri karatasi moja ya shamba miezi mingi, kila akienda ofisini anaambiwa iko Unguja, akaamua kupanda boti mwenyewe kuifuata, alipofika akaambiwa imesharudishwa Pemba. Nauli, pa kulala, siku nne za kazi. Sasa zidisha hiyo kwa kila mfanyabiashara mdogo, kila mgonjwa wa rufaa, kila mwanafunzi, miaka sitini.

Na usafiri ni hivyo hivyo. Mjomba huyo huyo alikuwa na harusi Tanga, ile Tanga ya kilomita 70. Siku aliyotaka kuondoka hakukuwa na chombo cha moja kwa moja, kwa hiyo akapanda gari Wete mpaka Mkoani, boti mpaka Unguja, boti nyengine mpaka Dar, afu basi mpaka Tanga ambayo ni zaidi ya kilomita 300 za lami. Akauzunguka mraba mzima kufika sehemu ambayo babu yake alikuwa akienda kwa jahazi kwa upepo wa siku moja. Safari za Tanga zipo, sisemi hazipo, ila hazijawahi kuwa za kila siku za uhakika kama zile za Unguja, na mfanyabiashara hawezi kujenga biashara juu ya chombo ambacho hajui kinakuja lini. Na usisahau kwamba ile njia ya Unguja na Pemba ndo iliyotuzika mwaka 2011, MV Spice Islander, Septemba 10, chombo kimejazwa kupita kiasi, miili iliyopatikana ni 203 na zaidi ya elfu moja hawakuonekana tena. Pemba hakuna kijiji ambacho hakikuguswa. Watu walijazana kwenye chombo kimoja kwa sababu njia ilikuwa moja.

Sasa angalia umeme. Miaka na miaka Pemba ilikuwa inategemea majenereta ya dizeli pale Wesha, giza kila siku. Mwaka 2010 ikalazwa waya chini ya bahari, na waya ule ulitoka wapi? Tanga. Hakuna aliyesema umeme wa Pemba lazima upite Unguja kwanza ndo ufike Pemba, mana mafundi walipiga hesabu ya kilomita wakaona upuuzi. Kwa hiyo tumeshakubali mara moja kuifuata ramani, na ikafanya kazi. Nachouliza ni kwa nini tuliifuata kwa waya na hatuifuati kwa boti, kwa mizigo, kwa hospitali ya rufaa, kwa soko la samaki na ndizi na mwani.

Najua nitaambiwa magendo. Ukifungua njia za Tanga na Mombasa karafuu zote zitatoroka. Jamani, karafuu zimekuwa zikitoroka miaka yote hii na njia zikiwa zimefungwa, kila mtu wa Micheweni anajua ufukwe gani na usiku gani. Kilichopunguza magendo mwaka 2011 ni bei ya mkulima kupandishwa kwa nguvu, doria zilikuwepo na kabla. Mtu haachi mti wake na kuvuka mkondo wa mita 800 usiku kwa kupenda. Na magendo maana yake nini hasa? Maana yake njia ya biashara ipo, wanunuzi wapo, vyombo vipo, manahodha wapo, kinachokosekana ni risiti. Weka forodha Wete inayofanya kazi, weka chombo cha Tanga kila siku na cha Mombasa mara kadhaa kwa wiki, acha mkulima wa mwani wa Micheweni auze kwa mnunuzi yeyote aliyeshuka hapo, uone.

Kuna wengine watasema huku ni kuigawa Zanzibar. Hili linaniuma kidogo kwa sababu naipenda nchi nzima na nna watoto wa dada yangu wamezaliwa Unguja. Hakuna anayetaka kukata boti za Unguja. Lakini Wapemba wa zamani walikuwa na bandari zao na hazikuwa matawi ya mtu. Mtambwe Mkuu mwaka 1984 walichimba wakakuta sarafu zaidi ya 2,000 zimefukiwa, za fedha za hapa hapa na dhahabu za kutoka nje, za kiasi cha karne ya 11. Tumbe palikuwa na kijiji kikubwa cha watu zaidi ya miaka elfu moja nyuma. Ras Mkumbuu, Chwaka, Pujini ya yule mtawala wa zamani Mkame Ndume, miji mizima, inafanya biashara na dunia kupitia ghuba zake zenyewe. Kisiwa kina ghuba na vijito kila upande, kimekatwakatwa kama majani ya mpapai, Mungu amekipa bandari nyingi na sisi tumechagua moja tu iwe na uhai.

Nikirudi kwenye popo wa Kidike: pale watu waliachiwa na wakaweza. Kile kisiwa kidogo cha Misali, pembeni ya Pemba, vile vile, wavuvi walikaa na serikali miaka ya 90 wakakubaliana wapi pavuliwe wapi pasivuliwe, wakatumia na mafundisho ya dini kuwaelewesha wenzao, na kisa cha jina lile kila mtoto wa Pemba anakijua, Nabii Khidhri aliyeomba mswala wa kusalia akakosa, akakigeuza kisiwa kikawa mswala wake kikaelekea kibla. Afisa Mdhamini wa Pemba akipewa bajeti yake na saini yake mkononi naamini tutaona kitu kama hicho kwenye barabara na hospitali. Akinyimwa, faili litaendelea kupanda boti, na kijana wa Gando atalifuata na hatorudi.

Sensa ikija tena, inayotegemewa 2032, ukurasa wa kwanza nitakaoufungua ni ule wa mikoa, Kaskazini Pemba na Kusini Pemba, nijumlishe nigawanye nione kama bado tuko 28 au tumeshuka 26. Bibi hatokuwepo kuniuliza nimepata ngapi, ila jamaa zake wa Kilifi watakuwepo, na safari hii wana vitambulisho, wanaweza kuvuka kuja kutuona mchana kweupe kama tu kutakuwa na chombo cha kuwaleta.